Trauti wa Mlima Kenya: mtoni au ziwani kwa anayeanza?

Mgeni wa Mshipi: Habari za jioni wadau. Najifunza kuvua samaki aina ya trauti kwa nzi bandia (ndoano iliyopambwa ifanane na mdudu), na kurusha mshipi uwanjani nimeshazoea. Nauli inatosha safari moja tu. Niende mto Ragati au nipande hadi Ziwa Rutundu?

Kijito: Mto, bila kusita. Trauti wa mtoni hukaa mahali pamoja, kichwa kikielekea maji yanakotoka, akingoja mkondo umletee chakula. Kwa hiyo ukiyasoma maji unajua alipo: nyuma ya jiwe, pembeni mwa maji ya kasi, chini ya ukingo uliochimbika. Mwendee kutoka nyuma, ukipanda na mto, kisha mwangushie nzi mbele yake. Kurusha umbali wa hatua chache tu kunatosha. Kinachowashinda wengi ni mshipi kuvutwa na maji: nzi akianza kuburuzwa, samaki humkataa. Inua fimbo juu, mshipi mfupi tu ndio uguse maji.

Mzee wa Rutundu: Hayo ni kweli, lakini samaki wa kukumbukwa wako Rutundu na Ziwa Alice. Ziwani hakuna mkondo, trauti mwenyewe ndiye anayezunguka kutafuta chakula. Asubuhi hupita karibu kabisa na ukingo, kwa hiyo usikimbilie kurusha mbali. Tumia mfano wa buu la kereng'ende, uache uzame, uvute kidogo, upumzike, uvute tena. Beba fimbo namba 6 kwa sababu ya upepo (namba ikiwa kubwa, fimbo na mshipi wake ni mzito zaidi). Namba 4 iache kwa ajili ya mtoni. Na usipande kwa haraka, kule ni zaidi ya mita 3,000, kichwa kitakuuma.

Dada wa Karatina: Mbona hamumuulizi anaenda mwezi gani? Mvua kubwa ikinyesha mto unajaa tope na nzi haonekani. Aprili ningemwambia apande ziwani.

Mgeni wa Mshipi: Naenda Februari, dada.

Dada wa Karatina: Basi nenda Ragati. Ila usiingie msituni peke yako, kuna tembo na nyati. Tafuta mwenyeji anayeijua njia.

Kijito: Februari maji ni maangavu na machache, samaki atakuona kabla hujamwona. Piga magoti, funga uzi mwembamba mwishoni.

Mgeni wa Mshipi: Asanteni sana. Hawa samaki ni wa asili huku?

Mzee wa Rutundu: Hapana, kijana wangu. Trauti wa kahawia waliletwa na Ewart Grogan kutoka Uskoti mwaka 1905, wakaachiliwa kwenye mto Gura kule Nyandarua. Hawa wenye mstari wa waridi ubavuni walifuata baadaye. Asili yao ni mito inayoingia Pasifiki. Joto la maji likipita nyuzi 20 wanataabika, ndiyo maana huwapati huko chini kwenye joto. Usisahau leseni ya uvuvi, na ukiingia hifadhini ulipe ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.