Meneja jina tu: kampuni ina watu 70 ila tairi moja mpaka bosi asaini

Wakuu habari, mnisamehe nikikosea kuandika, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Niko kampuni moja ya usambazaji hapa Dar. Naingia 2017 tulikuwa watu tisa na Canter mbili, bosi anamjua kila mtu mpaka jina la mtoto wake, ukikwama unamgongea mlango anatoa hela mfukoni gari inaondoka. Kwa watu tisa hiyo ilitosha kabisa, sikatai. Sasa hivi tuko zaidi ya 70, magari 14, matawi Moro na Dodoma, na hela bado inatoka mfuko uleule!

Mwaka jana nikapewa umeneja wa usafirishaji. Ukutani ikabandikwa chati ya rangi, maboksi na mishale, mimi boksi la tatu kutoka juu. Nikaipiga picha nikamtumia mama, mjinga mimi.

Ijumaa Fuso ikapasuka tairi Chalinze imejaa mtindi, friji yenyewe ya kubembeleza. Saa saba mchana dereva ananipigia. Meneja mzima sina ruhusa ya kutoa hata laki, bosi yuko angani anaelekea Guangzhou, mhasibu anasema bila sahihi ya mzee hatoi hata mia. Mara shemeji yake bosi, ambaye kwenye chati hayupo popote, anampigia dereva ahamishie mzigo gari ya Moro, huku HR (sijui HR na tairi wapi na wapi) anaandika kwenye grupu la wasap gari isiguswe mpaka bosi atue. Dereva kuona amri zimekuwa nyingi akatandika kanga chini ya mti akalala. Ningekuwa mimi ningelala pia. Jioni paketi za mtindi zimevimba kama maputo.

Jumatatu nakuta barua ya onyo mezani kwangu, eti "kushindwa kusimamia idara". Idara ipi wakuu??

Halafu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, yakibadilika ayarekebishe akujulishe kwa maandishi. Mkataba wangu mpaka leo unasema karani wa stoo. Nimemuuliza HR kanijibu "si upo kwenye chati?"

Wenye uzoefu, hii barua naijibuje? Na asije mtu kuniambia acha kazi, mwenye nyumba ananidai miezi mitatu.