Mtoto anakaribia miezi minne, usiku hatulali: wa kwenu walianza lini kulala kwa muda mrefu?

Mama Nuru:
Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri kwa waliolea, kwa sababu nimechoka kiasi kwamba hata kufikiri vizuri siwezi. Binti yangu anakaribia kutimiza miezi minne, na usiku halali zaidi ya saa moja na nusu mfululizo: anaamka, ananyonya kidogo, anasinzia titi likiwa mdomoni, na nikimlaza tu anaanza kulia upya. La ajabu ni kwamba mwanzoni alikuwa mlalaji kupita kiasi, mpaka tukawa tunamwamsha ili anyonye. Jumatatu narudi kazini. Mimi ni keshia, nashinda nikihesabu fedha za watu, na kwa kuwa naishi Chanika na kazi iko Posta, inanibidi niwe kituoni saa kumi na moja alfajiri. Swali langu ni hili: watoto huanza lini kulala kwa muda mrefu, na je, kuna namna ya kumsaidia aanze mapema? Naomba tujibizane kwa staha.

Mzee wa Baraza:
Hongera kwa kupata mtoto, binti yangu. Wa kwangu wa kwanza alianza kulala usiku kucha alipopelekwa shule ya bweni, na hata huko sina hakika, kwa kuwa hatukuwa tukimsikia.

Bi Chausiku:
Pole, mwanangu. Kwetu Tanga mtoto akishtukashtuka usiku hufungwa mvuje, na harufu yake hufukuza hata wageni wasioalikwa. Lakini mimi wa tatu alinitesa kwa sababu nyingine kabisa. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya Tunduma, akirudi usiku wa manane kitu cha kwanza ni kumwinua mtoto acheze naye, amrushe juu, amchekeshe. Kisha yeye analala fofofo na kuniachia mtoto macho makavu mpaka alfajiri. Ugomvi ule ulifika kwa wazee. Sasa wewe umetaja kituo cha basi, umetaja kazi, lakini baba wa mtoto sijamwona katika maelezo yako.

Msema Kweli:
Kina mama wa siku hizi wanataka mtoto alale ili wao wabaki na simu zao. Mama zetu walikesha na hawakuomba ushauri wa mtu.

Mkunga Mstaafu:
Mama zetu waliomba ushauri sana, tena kwa mabibi waliokuwa nyumba hiyo hiyo. Nirudi kwenye swali. Mtoto mchanga huzaliwa hajui mchana wala usiku. Saa ya mwili inayotenganisha vipindi hivyo viwili huanza kujipanga kati ya mwezi wa pili na wa tatu. Mzunguko mmoja wa usingizi wake ni kama dakika 50 hadi 60, wakati wa mtu mzima ni karibu dakika 90, na kila mzunguko unapokwisha huwa rahisi kuzinduka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku hadi umri wa miezi 3, na saa 12 hadi 16 kuanzia miezi 4 hadi 11, lakini humo umo na usingizi wa mchana. Halisemi kwamba saa hizo zitakuja kwa mkupuo. Utafiti uliochapishwa Canada mwaka 2018 uliona kwamba watoto wa miezi 6 wapatao 38 katika kila 100 walikuwa hawajafikisha saa 6 mfululizo usiku, na hata wakiwa na mwaka mmoja, 28 katika 100 walikuwa bado. Anayekuambia kwamba wa kwake alilala usiku kucha akiwa na miezi miwili huenda anasema kweli, ila hicho si kipimo cha watoto wote.

Sasa nami nina swali. Umesema mlikuwa mkimwamsha ili anyonye. Nani aliwaagiza hivyo, na kwa sababu gani? Alizaliwa na uzito gani, mimba ikiwa na wiki ngapi?

Mama Nuru:
Ahsante sana kwa maelezo. Uzito wake wa sasa ni mzuri, kadi ya kliniki haina tatizo. Nilichotaka hasa kujua ni kuhusu uji. Mama mkwe ameshanunua unga wa mchele, na tumepanga kuanzia Jumamosi tumpe uji mwepesi kabla ya kulala ili ashibe. Vilevile siku hizi namlaza kifudifudi, kwa sababu hapo hufikisha hata saa mbili. Je, uji uwe mwepesi kiasi gani?

Mkunga Mstaafu:
Sikuulizia uzito wa sasa, mwanangu.

Mama Nuru:
Haya. Alizaliwa wiki ya 32, akiwa na kilo moja na gramu mia sita na kitu. Sikuandika mapema kwa sababu nyumbani tulikubaliana neno njiti lisitajwe. Watu wakishalisikia wanamtazama mtoto kwa jicho la kuhesabu kasoro. Hata kazini wanajua tu kwamba nimejifungua. Amekua, anatabasamu, anafuatisha sauti yangu, kwa hiyo sioni kama linahusika.

Mkunga Mstaafu:
Linahusika kuliko yote uliyoandika. Mtoto aliyewahi kwa wiki 8, kwa mambo ya usingizi, kilio na kulishwa, usimhesabie tangu siku aliyozaliwa, mhesabie tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Wako basi hana miezi minne, ana miwili. Kilio cha watoto huongezeka mpaka kufikia kama wiki ya 6, kisha hupungua taratibu hadi mwezi wa tatu au wa nne, na kwa njiti wiki hizo huanzia kwenye tarehe aliyotarajiwa; ndiyo kusema anafanya hasa kile ambacho mtoto wa miezi miwili hufanya. Hata ule ulalaji wa mwanzo ni kawaida ya njiti, ambao husinzia kabla hawajashiba, na ndiyo maana mliambiwa mmwamshe.

Uji usimpe. Maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita, na kwa njiti siku ya kuanza chakula itazameni pamoja na kliniki. Wala usidhani utanunua usingizi kwa unga: Marekani walijaribu nafaka ya kulalia mwaka 1989, wakalinganisha watoto waliopewa mapema na waliocheleweshewa, wasione tofauti ya usingizi. Kuhusu kifudifudi, naomba uache leo hii. Ni kweli mtoto hulala fofofo zaidi akiwa kifudifudi, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa ugumu wa kuzinduka ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya usingizini. Uingereza walipoanza kuwahimiza wazazi mwaka 1991 wawalaze watoto chali, vifo hivyo vilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Njiti wako katika hatari kubwa zaidi.

Mama Nuru:
Nakuheshimu sana, lakini mama mkwe amelea watoto saba kwa uji huo huo, na wote ni wazima. Yeye ndiye atakayebaki na mtoto nikiwa kazini, siwezi kuingia katika ugomvi naye wiki hii. Tena kifudifudi hakukuanza kwangu: wodini alilazwa hivyo wiki nzima na manesi wenyewe.

Mkunga Mstaafu:
Wodini alikuwa na mashine ya kumpima pumzi na nesi mwenye zamu. Chumbani kwako saa tisa usiku kuna nani aliye macho?

Hesabu Hazidanganyi:
Samahanini, naona mnajibu kwa moyo mweupe, lakini hesabu za kisa hiki hazikai sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi. Mtoto anakaribia miezi minne, likizo inaisha Jumatatu. Huo mwezi mzima wa ziada umetoka wapi? Kisha tumeanza na mtoto wa kawaida, tukaletewa uji, sasa tumefika wodini. Nimeziona nyuzi za namna hii: kesho atatokea mtu na akaunti mpya, aseme wa kwake alilala baada ya kutumia unga fulani wa lishe, na chini yake kutakuwa na namba ya simu.

Msema Kweli:
Nilihisi tangu mwanzo.

Mzee wa Baraza:
Kama ni biashara, basi muuzaji huyu ni wa aina yake, maana mpaka sasa bidhaa yake imekatazwa na mkunga.

Bi Chausiku:
Mwacheni mtoto wa watu. Mtu hatungi habari ya mama mkwe kwa namna ile.

Mama Nuru:
Siku 84 za uzazi, nikaunganisha na 28 za likizo ya mwaka. Keshia mwenzangu yeyote atakueleza. Sehemu kubwa ya likizo hiyo niliimalizia wodini, nikikamulia maziwa kwenye kikombe kidogo kila baada ya saa tatu, nesi anayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, analiunganisha na mrija wa puani na kuliinua juu ili yashuke yenyewe taratibu, kwa sababu mtoto alikuwa hajaweza kunyonya na kupumua kwa mpigo mmoja. Mchana namfunga kifuani ngozi kwa ngozi, nalala nimekaa. Unga siuzi.

Hesabu Hazidanganyi:
Hayo ya mrija mtu anaweza kuyasoma popote. Hesabu ya likizo naipokea, mengine nabaki na shaka yangu.

Mkunga Mstaafu:
Baki nayo, jibu langu halibadiliki, kwa sababu wapo wengine wanaosoma hapa na unga uko jikoni. Mama Nuru, peleka karatasi ya hospitali kwa afisa utumishi kabla ya Jumatatu, kwani marekebisho ya karibuni ya sheria za kazi yamewafikiria waliojifungua njiti, nawe umewanyima taarifa hiyo mwenyewe. Sheria hiyo hiyo aliyoitaja bwana mahesabu inakupa pia hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Usiku tumia taa hafifu, mnyonyeshe bila mazungumzo, nepi ibadilishwe akipata choo tu, na mchana mweke penye mwanga na umnyonyeshe mara nyingi zaidi. Baba yake amchukue baada ya kunyonya ili wewe upate hata saa tatu za mfululizo.

Mama Nuru:
Kumlaza chali nimeanza leo mchana, amelia sana. Baba yake amekubali kumpokea mpaka saa saba usiku. Kuhusu uji bado nazungumza na mama mkwe. Anasema unga ulikuwa wa bei na hautatupwa.

Mzee wa Baraza:
Usitupwe. Baba akishakesha mpaka saa saba, uji huo atauhitaji yeye.