Ramani ya kuzimu kwa Wagiriki na Warumi: Tartarus na Elysium ziko wapi hasa?

Mwalimu wa Jinja aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninafundisha fasihi katika shule moja ya sekondari hapa Jinja, na wanafunzi wa chama chetu cha maigizo wameomba kuigiza safari ya shujaa wa kale anayeingia kuzimu na kutoka akiwa hai. Wamekwisha kuanza kuchora pazia la nyuma ya jukwaa, na hapo ndipo mabishano yalipozuka. Mmoja anashikilia kwamba Charon, mvushaji wa wafu, hufanya kazi katika mto Styx, mwingine anadai ni Acheron. Mmoja anataka Elysium, makao ya waliobarikiwa, iwe chini ya ardhi, mwingine amesoma kwamba iko mwisho wa dunia penye upepo mwanana. Naomba mwenye kufahamu anieleze mpangilio ulio sahihi, na hasa kama Tartarus, lile shimo la adhabu, ni sehemu ya kuzimu au ni mahali pengine kabisa. Je, sarafu ya nauli nayo ni lazima iwemo?

Msomaji wa Arua alijibu:

Mwalimu, wanafunzi wako wanaobishana wote wana ushahidi, kwa kuwa Wagiriki hawakuwa na maandiko mamoja ya dini yaliyowafunga, na kila mshairi alikupanga kuzimu kwa namna iliyofaa hadithi yake.

Chukua Odyssey, utenzi wa Mgiriki Homer. Humo shujaa Odysseus anavuka mkondo wa Oceanus hadi nchi ya Wakimeri, ambako jua haliangazi kamwe, anachimba shimo kwa upanga, anamimina kinywaji cha asali, kisha divai, kisha maji, ananyunyiza unga wa shayiri na kuchinja kondoo, na vivuli vya wafu vinamjia vikitamani kunywa ile damu. Hakuna mashua wala Charon. Wengi wa wafu hao hawateswi wala hawatuzwi. Wapo tu, bila nguvu, ingawa wachache kama Tantalus na Sisyphus wanaonekana wakiadhibiwa. Achilles anamwambia Odysseus kwamba ni heri awe kibarua wa mtu asiye na shamba kuliko kuwatawala wafu wote. Kwa maoni yangu, mwanafunzi atakayepewa maneno hayo atakuwa na kazi nzito kuliko wote, kwa sababu yametoka kinywani mwa shujaa aliyechagua kufa kijana ili apate sifa.

Katika utenzi huohuo Elysium haiko kuzimu hata kidogo: ni uwanda ulio mwisho wa dunia, usio na theluji wala mvua, ambako Menelaus ameahidiwa kupelekwa bila kufa. Tartarus nayo, kwa mujibu wa Iliad, utenzi mwingine wa Homer, iko chini ya Hades, yaani kuzimu, kwa umbali ulio sawa na ule wa mbingu na dunia. Mshairi Hesiod anaupima umbali kwa namna yake: fuawe ya shaba ikidondoka kutoka mbinguni itaanguka siku tisa, mchana na usiku, na kufika duniani siku ya kumi, kutoka duniani hadi Tartarus itachukua muda uleule. Humo ndimo walimofungwa Watitani, miungu wa kale walioshindwa vita na Zeus, mfalme wa miungu, kwa hiyo hapo mwanzo lilikuwa gereza la miungu zaidi kuliko la wanadamu.

Aliyeviweka vyote chini ya paa moja ni mshairi Mrumi Virgil, aliyefariki mwaka 19 K.K. Katika kitabu cha sita cha utenzi wake, Aeneid, shujaa Aeneas anaingia kwa pango lililo karibu na ziwa Avernus, akiongozwa na Sibyl, nabii wa kike wa Cumae, na kubeba tawi la dhahabu. Baada ya mto na mbwa Cerberus, njia inagawanyika: kushoto ni Tartarus yenye kuta tatu, iliyozungukwa na Phlegethon, mto wa moto, kulia ni Elysium. Kama pazia tayari lina Elysium chini ya ardhi, mfuateni Virgil mwanzo hadi mwisho.

Binti wa Mbale alijibu:

Naongeza juu ya nauli. Desturi ya kumwekea maiti sarafu ilikuwepo kweli, na katika Vyura, mchezo wa kuchekesha wa Aristophanes ulioonyeshwa Athens mwaka 405 K.K., kuvushwa kunagharimu oboli mbili, sarafu za Kigiriki. Charon wa Virgil, hata hivyo, haulizi pesa. Anachoangalia ni kama mtu amezikwa, na asiyezikwa hutangatanga ukingoni miaka mia moja. Ubishi wa Styx na Acheron hautaisha kwa kumsoma Virgil, maana yeye mwenyewe anavitaja vyote viwili mahali palepale. Andikeni mmoja tu msonge mbele.

Mwalimu, waelezeni pia watazamaji kwamba milango hii ya kuzimu ilikuwa na anwani. Acheron ni mto halisi wa Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, na Avernus ni ziwa lililo katika kreta ya volkano karibu na Naples. Wazazi wenu hawatashangaa, kwa kuwa Baganda nao huonyesha mashimo ya Ttanda, upande wa Mityana, ambako Walumbe alizama ardhini akikimbizwa na nduguye Kayikuzi. Tofauti ni kwamba Walumbe ni kifo chenyewe, ilhali Hades, mungu anayetawala kuzimu na kuipa jina lake, hamuui mtu; mwenye kazi hiyo ni Thanatos, pacha wa Usingizi.

Mwalimu wa Jinja:

Nawashukuru sana. Kijana wetu alikuwa amejiandaa kumwigiza Hades kama shetani, kwa hiyo itabidi tuanze upya. Je, ndiye anayewahukumu wafu?

Msomaji wa Arua:

Kwa kawaida hapana. Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake Gorgias, anawataja mahakimu watatu ambao wote ni wana wa Zeus: Rhadamanthus kwa wafu wa Asia, Aeacus kwa wale wa Ulaya, na Minos wa kukata shauri pale wenzake wanaposhindwa kuamua. Hades mwenyewe ni mfalme mkali, asiyebembelezeka, lakini hana uovu wa shetani. Hila yake kubwa ni ile ya kumlisha Persephone punje ya komamanga, ikamlazimu mke huyo kukaa kwake theluthi moja ya kila mwaka. Aketi kimya kitini, na Persephone awe kando yake akiwa malkia kamili, kwa sababu washairi wanamwogopa yeye kama wanavyomwogopa mumewe.

Cerberus apewe vichwa vitatu. Hesiod anataja hamsini, na sidhani mna mbao za kutosha. Sibyl humlaza kwa andazi la asali lililotiwa dawa. Chorea pia milango miwili ya kutokea, mmoja wa pembe kwa ndoto za kweli na mmoja wa meno ya tembo kwa ndoto za uongo. Virgil anamtoa Aeneas kwa ule wa meno ya tembo bila kueleza sababu, na wasomi bado wanabishana juu yake, basi msiongeze maelezo yoyote hapo, atoke tu.