Vuta N'kuvute, Supa Modo au Nairobi Half Life: ipi ya kumwekea bibi na ukoo mzima?

Mjukuu_wa_Muheza
Wakuu, habari za jioni. Kila Desemba ukoo wetu hukutana kwa bibi, Muheza. Tunafika kama watu thelathini, kuanzia bibi mwenyewe wa miaka 82 hadi vitoto vya chekechea. Mwaka jana nilibeba projekta, nikatundika shuka jeupe ukutani, nikaweka filamu ya Kimarekani. Hazikupita dakika kumi bibi akachukua kigoda chake akaingia ndani. Asubuhi nilipomuuliza akanijibu, "Mjukuu wangu, wale watu walikuwa wanaongea na nyie, siyo na mimi." Maneno yale yamenikaa mpaka leo. Mwaka huu nataka akae hadi mwisho.

Kwa hiyo wiki mbili hizi nimetazama tatu za kwetu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) ndiyo iliyonishika zaidi kwa macho. Unguja ya miaka ya hamsini chini ya Mwingereza, Yasmin ameozwa kwa mwanamume anayemzidi mbali umri, anatoroka, anakutana na Denge, kijana wa harakati za kudai uhuru. Picha zake unaweza kuzitundika sebuleni. Wasiwasi wangu ni mwendo: inakwenda taratibu, na watoto watalala.

Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) ni ya mtoto wa miaka tisa, Jo, anayeumwa ugonjwa usiopona. Anapenda mashujaa wa sinema, na kijiji kizima kinakubaliana kumfanya aamini kwamba naye ni shujaa. Nililia, sifichi. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga (2012) ina kasi kuliko zote, lakini Sheng ilinipita kushoto nusu ya muda.

Nahitaji moja. Mngechagua ipi, na kwa nini?

Rongai_Boy
Salamu kutoka Rongai, ndugu. Kama swali ni ipi filamu bora, mimi sina shaka: Nairobi Half Life. Ndiyo ya kwanza Kenya kupeleka kwenye Oscar, na Joseph Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban kwa kumwigiza Mwas, mhusika mkuu. Lakini tuzo si sababu yangu. Sababu yangu ni choo cha rumande. Mwas ametoka kijijini na ndoto ya kuwa mwigizaji, siku ya kwanza mjini anaporwa kila kitu, anaishia ndani, na wenzake wa selo wanamlazimisha kusafisha choo ambacho hata kukitazama kwenye skrini ni kazi. Anakisafisha. Pale pale kwenye uchafu ule ndipo anapoanza kujulikana na kupata watu. Mimi nilifika Nairobi 2009 na begi moja, na sijaona filamu nyingine inayojua ilivyokuwa.

Halafu sikiliza lugha. Akiwa na genge lake la kuiba vipuri vya magari ni Sheng tupu. Akiingia kwenye mazoezi ya jukwaani Kiingereza kinachukua nafasi. Mtu mmoja, midomo miwili. Ukiisikia hiyo tofauti, umeielewa filamu.

Ila kwa bibi wa miaka 82 na chekechea? Hapana. Kuna damu, kuna matusi, kuna mambo ya chumbani. Weka hii usiku ukibaki na vijana wenzako.

Mwana_wa_Ngambo
Assalaam alaykum. Mie ni wa Unguja, na riwaya ya Adam Shafi iliyozaa filamu ya Vuta N'kuvute nimeisoma mara tatu, kwa hivyo nitasema kwa haki. Filamu haikibebi kitabu chote, wala haiwezi. Riwaya ina watu wengi, ina vicheko, ina safari ndefu. Filamu imeshika mapenzi na siasa, mengine imeyaacha nje. Mwanzo nilikasirika. Mara ya pili nikaitazama kama kitu chake chenyewe, nikatulia.

Kinachonifurahisha ni kwamba hawakuogopa kimya. Watu wanatazamana, mlango unafungwa, sauti ya mtaa inaingia dirishani. Siti Amina kama Mwajuma, shoga yake Yasmin, ndiye roho ya filamu kwangu. Yule ni mwimbaji wa kweli wa taarabu, na hata akikaa tu kitako unamuona mtu wa mtaani kwetu, si mtu aliyefundishwa kuwa wa kwetu. Kasoro ni lafudhi. Mara mojamoja Kiunguja kinateleza, unasikia bara. Sikio la mtu wa Muheza halitojali hilo, langu linajali.

Bibi yako wakati ule alikuwa mtoto. Muwekee hii.

Mama_Wawili
Jamani, mnaongea kama vile watoto hawapo. Ukoo wa watu thelathini, nusu yao watakuwa chini ya miaka kumi na mbili. Supa Modo ni dakika 74 tu, na hakuna mtu mzima atakayechoka.

Nieleze kwa nini naisimamia. Mwanangu wa pili alilazwa miezi mitatu alipokuwa na miaka saba. Kila mtu aliyekuja wodini alimwambia alale, apumzike, asichoke. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini niliyoyaona kwenye macho yake ndiyo niliyoyaona kwa Jo. Mama wa Jo ni mkunga. Kazi yake ni kuwapokea watoto wa wenzake, na wake anamwona anaondoka. Anachoweza kufikiri ni kumlinda ndani ya nyumba. Dada mtu, Mwix, ndiye anayesema siku zilizobaki ziwe siku za kuishi. Hakuna mbaya kati yao. Filamu inawapenda wote wawili, na hilo ni gumu kuliandika.

Fundi_Sabufa
Dada, nakuheshimu, ila mimi hapo ndipo ilinipoteza. Kijiji kizima kinamdanganya mtoto. Mtoto anaondoka duniani akiamini jambo ambalo watu wote waliomzunguka wanajua si kweli. Nilitoka na uzito kifuani, na haukuwa uzito mzuri.

Mama_Wawili
Kaka yangu, itazame tena. Jo si mjinga. Anajua anaumwa, anajua unakoelekea, na kuna mahali unaona wazi kwamba anajua wanachofanya watu wake na anakipokea kama zawadi. Kisha wanaacha kujifanya, wanatengeneza naye filamu, yeye akiwa shujaa. Huo tena si uongo. Kijiji kimejifunza kazi mpya kwa ajili yake.

Fundi_Sabufa
Hapo pa kutengeneza filamu umenigusa. Nitaitazama tena.

Mjukuu, tuje kwenye ufundi, maana hata filamu nzuri inakufa hapa. Spika ya ndani ya projekta haitoshi kwa watu thelathini uani, panzi watakushinda. Beba sabufa. Shuka lipigwe pasi, mikunjo inaonekana usoni mwa waigizaji. Filamu ipakue mapema kwa njia halali, usitegemee bando ukiwa huko. Na usianze kabla ya saa moja na nusu usiku, giza liwe limeshika, hasa kwa Vuta N'kuvute. Ina matukio mengi ya usiku, na mwanga wa taa ya barazani tu unaweza kuyaua.

Rongai_Boy
Nyongeza kidogo: Supa Modo na Nairobi Half Life zilitoka nyumba moja, mradi wa mafunzo wa One Fine Day Films ulioanzishwa na Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann. Ukitazama zote mbili unaona watu wetu walivyokomaa kati ya 2012 na 2018. Na kwenye Supa Modo kuna Kikuyu na Kiingereza pia, si Kiswahili peke yake. Mpange mtu wa kumtafsiria bibi.

Muscat_Jioni
Mie nimeitazama Vuta N'kuvute hapa Muscat na mama yangu, aliyetoka Unguja 1964. Sitaki kuandika mengi. Alinishika mkono tangu mwanzo hadi mwisho, na kila ukionekana uchochoro alikuwa anataja majina ya majirani. Muwekee bibi.

Mjukuu_wa_Muheza
Ndugu zangu, bado niko Muheza na nina deni la kuwasimulia.

Nilishindwa kuchagua moja. Supa Modo saa mbili kasoro kwa wote, kisha watoto wakalale, halafu Vuta N'kuvute kwa wanaobaki. Nairobi Half Life tuliitazama keshoye sisi vijana sita, na Rongai_Boy, ile ya choo tulikaa kimya wote.

Supa Modo: walipoingia kwenye Kikuyu, binti wa shangazi, yuko darasa la sita, alijisogeza mwenyewe hadi kwenye kigoda cha bibi, akawa anasoma maandishi ya Kiingereza chini ya skrini na kumtafsiria sikioni. Hakuna aliyemtuma. Alipofika mahali pagumu alinyamaza, na bibi akamwambia, "Endelea, nimeshaelewa." Asubuhi nilikuta watoto wanne uani wamefunga khanga shingoni, wanaruka kutoka kwenye kinu.

Vuta N'kuvute: tulibaki kumi na mmoja. Bibi alibaki. Mwanzoni alikuwa anauliza huyu nani, yule nani. Taarabu ilipoanza akaacha kuuliza. Mjomba alitaka kupunguza sabufa watoto wasiamke, bibi akamzuia kwa kiganja bila kugeuka. Wawili walisinzia, kweli, ila yeye hakusinzia.

Ilipoisha aliniuliza jambo moja: "Huyo Yasmin, kwao walikuja wakamsamehe?" Nikamwambia labda kitabuni kuna zaidi, mimi nilisoma mchepuo wa sayansi, wenzangu wa kidato cha tano na sita ndio walioisoma riwaya. Akasema, "Basi kilete, unisomee." Nilikipata Tanga mjini siku ya pili yake. Tumeanza jana usiku barazani, na amenikataza kusoma mbele peke yangu.