Densi ya nguzo ukiwa Kisumu: safari za Nairobi, nguzo sebuleni, au wanasarakasi wa mtaani?

Nyar Dunga (Kisumu)
Hamjambo wote. Mwaka jana nilikwenda Nairobi kwa harusi ya binamu yangu, na rafiki aliyenilaza kwake akanivuta hadi kwenye darasa lake la densi ya nguzo. Nilidhani nitakaa pembeni nitazame tu. Saa ilipoisha nilikuwa nimezunguka ile nguzo mara moja, miguu haijagusa sakafu, na tangu hapo sina raha. Natamani kurudi.

Hapa mjini sijapata mwalimu. Njia ninazoziona ni tatu. Kwanza, kwenda Nairobi mara moja kwa mwezi, nisome Jumamosi na Jumapili. Pili, kununua nguzo ya kubana kati ya sakafu na dari, niiweke sebuleni nifuate masomo ya video. Tatu, kuna vijana wa sarakasi karibu na kwetu ambao wana mlingoti wao wa kupanda, niwaombe wanifundishe. Nina miaka 31, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti, na kujivuta juu kwa mikono siwezi hata mara moja. Pesa niliyo nayo inatosha njia moja. Nishaurini.

Chebet wa Naka (Nakuru)
Dada, mimi niliifuata hiyo njia ya kwanza kwa miezi kumi. Kutoka kwetu hadi Nairobi ni kama kilomita 160, naondoka alfajiri na darasa la asubuhi nalipata. Wewe una karibu 350. Utashuka garini mabega yamekaza, halafu uning'inie? Ukienda, lala kwanza, ufanye darasa kesho yake.

Ila mwalimu mzuri ana thamani, na hili nataka nilieleze vizuri. Kabla yake nilijifunza peke yangu kwa video, nikaamini niko sawa. Siku ya kwanza alinisimamisha chini ya nguzo, akaniambia nishike juu na nivute mabega yashuke mbali na masikio kabla sijakunja kiwiko hata kidogo. Sikuweza. Kumbe wiki zote zile nilikuwa naning'inia kwa kano za bega, misuli imelala. Video ingewezaje kuniona?

Mwalimu wa kweli utamjua hivi: anakufundisha kushuka kabla ya kukufundisha kupanda. Anauliza kama umewahi kuumia. Kila unachofanya kwa upande wa kulia anakutaka ukirudie kushoto, hata kama kushoto ni aibu tupu. Na kupinduka kichwa chini hakuruhusu mpaka uinue nyonga kwa nguvu za tumbo na mgongo, bila kuruka. Wa kwanza niliyempata, ambaye simtaji, alinipindua siku ya pili kwa kunisukuma miguu. Bega liliniuma wiki sita, hata nywele nilisukwa nikiwa nimelia.

Fundi Kibuye (Kisumu)
Mimi nachomelea mageti na reli za ngazi. Mteja alishaniletea kazi ya nguzo ya densi, kwa hivyo niseme la chuma.

Nguzo nyingi za densi siku hizi zina kipenyo cha milimita 45. Za 40 na 42 zipo, na za 50 zilikuwa nyingi zamani. Sasa mtu anakwenda dukani anaitisha paipu ya maji ya inchi moja na nusu akidhani ni milimita 38. Hapana. Kipenyo cha nje cha paipu hiyo ni 48.3. Ya inchi moja na robo ndiyo inakuja 42.4, na hiyo mkono unaizunguka vizuri. Lakini paipu ya maji imepakwa zinki, na zinki ina vidonge vidogo vinavyochuna ngozi. Ukiipiga msasa ili ilainike, umeondoa kinga, itashika kutu, na kwa unyevu wa huku kwetu haitachukua muda.

Stenlesi ya reli za ngazi inang'aa, ila nyingi ni nyembamba mno. Inatosha mtu kuiegemea, haitoshi mtu kuzunguka nayo akiwa juu. Nilimwambia mteja nataka ukuta wa paipu usiopungua milimita 2, kipande kimoja kisicho na kiungo. Ile inayozunguka kwa beringi usitengenezewe na fundi yeyote, hata mimi. Nunua iliyotoka kiwandani.

Kubwa kuliko yote ni dari. Nguzo ya kubana inataka zege. Jipsamu au silingi bodi itapasuka, nguzo ilegee ukiwa juu yake. Kwa nyumba za ghorofa, orofa ya chini na za katikati zina slabu juu yake, lakini ya mwisho mara nyingi ina mabati na silingi bodi tu. Wewe unakaa orofa gani?

Mlingoti (Kisumu)
Dada Nyar Dunga, mimi ni mwanasarakasi, labda hata ni mmoja wa hao unaowaona. Nikwambie ukweli ili usije ukakasirika baadaye. Mlingoti wetu ni ule wa Kichina, umefunikwa mpira. Tunaupanda na suruali ndefu, shati la mikono na viatu, kwa sababu mpira ungetuunguza ngozi. Nguzo ya densi ni kinyume chake: chuma ni laini, kitambaa kinateleza, ngozi ndiyo inashika. Hiyo mizunguko uliyoipenda Nairobi hatutakupa.

Tutakupa mikono. Tutakupa tumbo, na kupanda, na kujua mwili uko wapi ukiwa kichwa chini, na kuanguka bila kuvunjika. Mtu asiyeweza kujivuta hata mara moja, kwa miezi mitatu ya mazoezi mara tatu kwa wiki, atakwenda kwa yule mwalimu akiwa mtu mwingine. Wahindi wa Maharashtra wana mchezo wao wa mallakhamb, wanapanda nguzo ya mbao, na ulianza kama mazoezi ya wapiganaji mieleka. Nguvu ilitangulia, madoido yakafuata.

Kitu kimoja: umesema utawaomba. Usiwaombe, walipe. Watu wanatuona tukiruka kwenye sherehe wanadhani tunacheza. Hii ndiyo kazi yetu.

Otieno Mamboleo (Kisumu)
Mimi nitasema kile wengine wanaogopa. Hii kitu imetoka kwenye klabu za wanawake kuvua nguo. Mnaiita mazoezi ili ikubalike. Dada, utaolewa na nani Kisumu hii?

Chebet wa Naka
Ndugu Otieno, la klabu sitakukatalia. Densi hii kama tunavyoijua leo ilikuzwa na wanawake waliofanya kazi kwenye klabu za Marekani na Kanada, na ni mmoja wao, Fawnia Mondey wa Kanada, aliyekuwa wa mwanzo kuwafundisha wanawake wa kawaida miaka ya 1990. Sipendi watu wanapoifuta hiyo historia ili waonekane safi. Wale wanawake walivumbua hatua ninazozifanya, nawaheshimu. Wengine wameifanya mchezo wa mashindano. Shirikisho la kimataifa lilianzishwa 2009, na 2017 likapewa nafasi ya mwangalizi katika umoja wa mashirikisho ya michezo duniani. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. La kuolewa, mimi nimeolewa, na mume wangu ndiye hunishikia godoro.

Mama Lurambi (Kakamega)
Wanangu, nimekuwa nikisoma kimya. Binti yangu wa pili anafanya hii densi huko Nairobi. Nilijua kupitia video iliyorushwa kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, na aliyeituma hakuituma kwa wema. Nililia siku mbili. Si kwa sababu ya nguzo. Nililia kwa sababu wenzangu walijua kabla yangu.

Baadaye nilikwenda kumwona. Nilitaka kujua kwa nini lazima kaptura iwe fupi hivyo. Akanipa kitambaa nizungushe kwenye chuma nivute, kikateleza. Akaniambia nishike kwa mkono mtupu, ukagoma kuteleza. Nikaelewa. Nilimwona pia michubuko kwenye mapaja, nikamkanda kwa maji ya moto, tukaongea mpaka usiku.

Huku kwetu tuna isukuti. Waisukha na Waidakho wanaicheza kwenye harusi na kwenye matanga, mabega na kiuno vyote vinafanya kazi, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hakuna mchungaji niliyemsikia akiikemea. Kwa hiyo kiuno chenyewe si tatizo letu, tatizo ni tusichokizoea. Bado mimi napenda pazia lifungwe, sitadanganya. Lakini wewe binti wa Dunga, mwambie mama yako mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla simu haijamwambia.

Otieno Mamboleo
Mama, nimekusikia. Swali la kuolewa nimeliondoa. Samahani dada.

Chebet wa Naka
Na hali ya hewa, tusisahau. Kisumu jasho litakuondoa kwenye nguzo: fanya alfajiri, futa chuma kwa spiriti na kitambaa safi kila baada ya zamu, na usijipake mafuta wala losheni tangu usiku uliotangulia. Kwetu Nakuru ni kinyume, asubuhi chuma ni barafu na ngozi kavu haishiki, hivyo napasha mwili moto na kuisugua nguzo kwa mikono kabla ya kupanda. Pete vua, zinakwaruza chuma na kukata kidole.

Nyar Dunga
Asanteni sana, sana. Fundi, nakaa orofa ya juu kabisa. Nimepanda kwenye kiti nikagonga dari, inalia kama ngoma, ni silingi bodi. Basi nguzo ya sebuleni imekwisha hapo, na nashukuru sikuwa nimelipa.

Nimeamua hivi: miezi mitatu na wanasarakasi, nikilipa kila Ijumaa kwa M-Pesa, halafu ile akiba nyingine iwe ya siku mbili Nairobi kwa mwalimu anayefundisha kushuka kwanza. Mama yangu nilimwambia jana jioni tukichambua omena. Alinyamaza kwa muda. Halafu akauliza kama hiyo nguzo ina kitu laini chini yake. Nikamwambia lipo godoro. Akasema angalau.

Mlingoti, ni nyinyi kweli, nimekujua kwa picha ya lile fulana la kijani. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa hapo.

Mlingoti
Karibu. Suruali ndefu nzito, na viatu vyepesi vya soli nyembamba ya mpira. Usile kifungua kinywa kikubwa.