Kifurushi cha tiketi na hoteli, au nibuku hoteli kwanza nivizie tiketi?

Kiguu na Njia:
Wakuu, habari zenu. Nina safari ya nje na mfuko umebana. Nimebaki na njia mbili. Kuna kifurushi cha tiketi na hoteli pamoja, bei nzuri, ila ukilipa hakuna kurudishiwa. Au nibuku hoteli inayoruhusu kufuta bure, halafu nivizie tiketi ikishuka. Ofa ya kifurushi inaisha kesho usiku. Nipeni mwongozo.

Mzee wa Bajeti:
Mkuu, hapo ni kama kumpelekea fundi kitambaa bila vipimo. Unaenda wapi? Lini? Wangapi? Visa?

Sanduku Jepesi:
Chukua kifurushi. Viti vya daraja moja huuzwa kwa bei tofauti, vya chini vikiisha vimeisha. Kuvizia kunamfaa asiyebanwa na tarehe.

Dada Ratiba:
Sikubaliani. Kwanza chungulia hiyo tiketi ya kifurushi ni moja au ni mbili zilizounganishwa kienyeji. Shemeji yangu aliuziwa za namna hiyo na wakala mmoja wa mtandaoni, mashirika mawili, kila moja na tiketi yake. Ndege ya kwanza ikachelewa, akafika ya pili imeshaondoka. Shirika la pili likamwambia hukutokea, tiketi imekufa. La kwanza likasema sisi tumekufikisha tulikoahidi. Na begi halikupelekwa moja kwa moja, ilibidi atoke uhamiaji alichukue aanze upya, na visa ya kutokea hapo hana! Kalala kwenye kiti, kanunua tiketi ya siku hiyohiyo kwa bei iliyozidi zote mbili. Wakala simu hapokei. Ingekuwa tiketi moja, shirika lingelazimika kumtafutia ndege nyingine.

Tajiri wa Ofa:
Tafuteni kwa dirisha la siri la kivinjari. Wakijua umerudi mara ya tatu wanapandisha.

Sanduku Jepesi:
Imani hizo. Bei inapanda kwa sababu wenzako wananunua.

Tajiri wa Ofa:
Mimi nimeona kwa macho yangu, wewe endelea kubisha.

Kiguu na Njia:
Samahani, nilikuwa kazini. Ni mimi, mama watoto na watoto wawili, likizo ya shule. Tunaenda Ulaya, nchi za Schengen, zile zinazotumia visa moja. Visa bado hatujaomba.

Mzee wa Bajeti:
Visa bado, halafu unataka kulipia kisichorudishwa?! Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, jibu kwa kawaida ni siku 15, likikwama linaweza kufika 45. Na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 kwa kila mtu, weka kwenye hesabu. Mmoja wenu akinyimwa, wengine mtaenda?

Sanduku Jepesi:
Ila ni likizo ya shule, familia zote zinagombania viti. Akisubiri visa, tiketi nne zitamuumiza.

Dada Ratiba:
Kuna tiketi za kubadilisha tarehe kwa faini. Zinazidi kidogo, lakini ndiyo njia ya katikati. Pasi za watoto ziangalie pia, lazima zibaki hai angalau miezi 3 baada ya kuondoka huko.

Tajiri wa Ofa:
Na cheti cha homa ya manjano kama mnapitia nchi inayokidai. Kinadumu miaka 10.

Mzee wa Bajeti:
Ya zamani hiyo. Tangu 2016 ni cha maisha. Ila aliyechanja leo asubiri siku 10 ndipo kianze kutambulika.

Kiguu na Njia:
Nimempigia anayeuza kifurushi, anasema begi la kupakia halimo, ni la mkononi tu, kilo 7. Mama watoto bado anasema tulipe.

Sanduku Jepesi:
Kilo 7 zinatosha, fua hukohuko.

Dada Ratiba:
Na watoto wawili? Umewahi kusafiri na mtoto wewe?

Tajiri wa Ofa:
Kwani hizo kilo 7 wanapima kweli au wanatishia tu?