Watoto wa chekechea msituni mwaka mzima: masika na kipupwe mnafanyaje?

MwalimuWaMilimani (Lushoto) anauliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea katika kijiji kimoja wilayani Lushoto, na ninalea watoto 22 wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano. Tangu tulipofungua Januari tumekuwa tukienda kila Jumatano asubuhi kwenye msitu mdogo wa kijiji, ulio umbali wa dakika 15 kwa hatua za mtoto, tukikaa huko kwa muda wa saa mbili na kurudi kunywa uji. Januari na Februari sikupata shida yoyote. Njia ilikuwa kavu, watoto waliokota mbegu na magome, walipanga vijiti kuanzia kifupi hadi kirefu, na mtoto mmoja ambaye darasani alikuwa hajanitamkia hata neno alinishika mkono, akanionyesha kinyonga na kusema, "Mwalimu, jicho hili linakutazama wewe, lile linanitazama mimi." Siku hiyo nilijua kwamba kazi hii sitaiacha.

Kisha masika yakaingia. Wiki ya tatu ya Machi mvua ilitukuta njiani, na mtoto mmoja akafika kwao amelowa chapachapa. Kesho yake asubuhi mama zake wawili, mzazi na mama mkubwa, walikuja kuniuliza kama wanalipa ada ili mtoto afundishwe au ili anyeshewe. Sikuwa na jibu la kuwaridhisha, nikasimamisha safari Aprili na Mei yote. Sasa tumo katika kipupwe, ukungu hauondoki kabla ya saa nne, na watoto bado wananiuliza Jumatano ya msituni ni lini.

Ninacho kitabu cha mwongozo kutoka Ulaya, lakini kimegawa mwaka katika majira manne ya huko: majani kupukutika, theluji, maua kuchanua, jua kali. Nikikifuata hapa Usambara nitawafundisha watoto mwaka ambao hawajawahi kuuona. Ninaomba kusikia kutoka kwa wanaokwenda mwaka mzima: katika masika na kipupwe mnafanya nini, na mnawaambia nini wazazi?

BibiMwalimu (Muheza) anajibu:

Marahaba mwanangu. Nimefundisha watoto wadogo katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Amani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na huko mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hata mwezi unaoitwa wa kiangazi una siku zake za mvua. Kama tungesubiri ardhi ikauke, tusingetoka kabisa. Kwa hiyo nitakueleza tulivyofanya, ukichukua kinachokufaa.

Kwanza kitabu hicho kiweke kando, au ukisome kwa ajili ya michezo tu. Mwaka wetu unao mpangilio wake na watoto tayari wanaujua kwa majina: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Sisi tulikuwa na mahali pamoja chini ya mti wa mshai, na mwaka mzima tulirudi hapo hapo, hatukuzunguka msitu mzima. Watu wengi hudhani mtoto atachoka kuona sehemu moja, kumbe ni kinyume chake. Mtoto wa miaka minne akienda kila wiki mahali papya, kila kitu ni kipya kwake na hakuna anachoweza kulinganisha. Akirudi palepale, ndipo anapogundua kwamba jiwe alilokalia Februari sasa lina kijani juu yake, kwamba kangaga lililokuwa limejikunja limefunguka, na kwamba kijito alichokiruka sasa hakirukiki. Majira anayaona mwenyewe, bila wewe kumtajia.

Masika ndiyo yenye mambo mengi kuliko misimu yote, na ninasikitika uliyapoteza. Huo ndio wakati wa konokono wakubwa, majongoo, vyura na uyoga. Tulikuwa tukimweka konokono juu ya jani pana na watoto wakalala kifudifudi kumtazama kwa muda ambao darasani huwezi kuupata hata ukiimba. Uyoga tulitazama na kuchora, na sheria ilikuwa moja tu, isiyo na mjadala: hakuna kitu cha msituni kinachoingia mdomoni, hata kama nyumbani bibi anakipika. Mvua za kwanza zikishanyesha hutoka kumbikumbi, na asubuhi yake ardhi imejaa mabawa. Kila kumbikumbi ana mabawa manne. Tuliwaambia watoto wakusanye mabawa na kuyapanga mannemanne ili wajue ni kumbikumbi wangapi walipita hapo, na ninakuhakikishia kwamba sijapata kifaa cha kuhesabia kilichowashika watoto kama hicho.

Kipupwe usikiogope. Badilisha saa tu. Badala ya kutoka mapema asubuhi, nendeni saa nne ukungu unapoanza kupanda. Wakati huo utando wa buibui umejaa umande na mtoto anauona wote, uzi kwa uzi, jambo ambalo wakati wa jua haliwezekani. Kinyonga naye bado ni mzito kwa baridi, kwa hiyo mnaweza kumtazama kwa utulivu bila kumshika. Hili la kutomshika nililisisitiza kwa sababu mbili: kwa ajili ya kinyonga, na kwa kuwa watoto wengi kwetu wamefundishwa kumwogopa, nami sikutaka kushindana na bibi zao kwa siku moja.

Kuhusu kulowa, tuliwatenganisha watoto na mvua kwa namna mbili. Manyunyu tulikwenda, mvua kubwa tulibaki, radi ikisikika hata kwa mbali tulirudi, kwa kuwa chini ya miti mirefu si mahali pa kujikinga na radi. Kila mtoto alikuwa na nguo ya pili kwenye mfuko wa nailoni uliobaki shuleni, pamoja na kipande cha kanga kuukuu cha kumkaushia. Makoti ya mvua na mabuti ya watoto tuliyapata kwenye mitumba, tukayafanya mali ya shule, yasiende nyumbani. Mtoto akirudi anavuliwa, anakaushwa, anavalishwa nguo kavu na kupewa uji wa moto. Tangu tulipoanza utaratibu huo, hakuna mzazi aliyempokea mtoto aliyelowa.

Na wazazi usiwajibu kwa maneno. Waalike. Kila Jumatano wazazi wawili kwa zamu, nao ndio watakaokusaidia kuhesabu watoto. Mama akimsikia mwanawe akihesabu mabawa, hatakuuliza tena kuhusu ada. Na kama mzazi au mratibu wa elimu akisema huu ni mchezo, mkumbushe kwamba kutunza mazingira na kutumia dhana za kihisabati vilikuwa miongoni mwa umahiri uliotajwa katika mtaala wa elimu ya awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016.

MamaNeema (Flensburg, Ujerumani) anajibu:

Shikamoo Bibi Mwalimu, na salamu kwako mwalimu wa Lushoto.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi kaskazini mwa Ujerumani, na mwanangu yuko katika chekechea ya msituni. Mji huu ndio ulioanzisha mwaka 1993 chekechea ya kwanza ya aina hiyo kutambuliwa na serikali nchini Ujerumani, ingawa wazo lenyewe lilitoka Denmark, ambako akina mama walianza kuwapeleka watoto msituni miaka ya 1950. Mwaka huohuo wa 1993 walimu na wanafunzi wa chuo kimoja cha Bridgwater, Uingereza, walitembelea Denmark na kurudi na wazo hilo kwao. Huenda kitabu chako kimetoka katika mkondo huo, ndiyo sababu kina theluji.

Ninataka kuongeza jambo moja tu, kwa kuwa nyumbani nimesikia watu wakisema kwamba Wazungu hawajali hali ya hewa. Si kweli. Ni kweli kwamba watoto hapa hutoka kwenye mvua na kwenye baridi kali, wakiwa wamevaa nguo za sufu ndani na suruali zisizopitisha maji juu. Lakini upepo ukiwa mkali, hawaingii msituni kabisa, kwa sababu ya matawi. Kila chekechea ya msituni huwa na mahali pa kujihifadhi, mara nyingi kibanda cha mbao chenye magurudumu kilichowekwa pembezoni mwa msitu, na siku kama hizo hukaa hapo au kwenye nyasi za wazi. Kwa hiyo ukisimamisha safari kwa sababu ya upepo au radi, usijione umeshindwa. Hata wao husimamisha.

AfisaMisitu (Korogwe) anajibu:

Ndugu mwalimu, hongera kwa kazi yako. Ninazungumza kwa upande wa usalama na ruhusa, kwa sababu wengi hulisahau hadi litokee jambo.

Kwa kuwa msitu ni wa kijiji, ruhusa inatoka kwa serikali ya kijiji kupitia kamati yake ya maliasili. Andika barua, taja siku, saa na idadi ya watoto, na baki na nakala. Ukitaka kuingia kwenye hifadhi ya mazingira asilia kama Magamba, hiyo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na utapaswa kuomba kibali na kuulizia viingilio mapema. Waulize pia wazee kama kuna sehemu ya matambiko ndani ya msitu huo. Katika milima ya Usambara koo nyingi zina misitu yao, na si vizuri watoto wakachezea mahali ambapo wazee huvua viatu.

Katika masika, hatari yako kubwa si nyoka, ni maji na udongo. Kijito cha milimani hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha juu, huku mlipo jua linawaka, na kingo zenye udongo mwekundu huporomoka zikishalowa. Chagueni mahali palipo juu ya kijito, kamwe si ndani ya bonde lake. Siafu nao huhama sana wakati wa mvua. Mtu mzima atangulie na atazame njia kabla watoto hawajakaa. Mkiwa karibu na mikaratusi, msikae chini yake, kwa kuwa hudondosha matawi hata siku isiyo na upepo. Baada ya masika, kwenye sehemu za chini na pembezoni mwa mashamba, maganda ya upupu hukauka na upepo hupeperusha vinyweleo vyake. Mtoto akipatwa, mvue nguo, msimruhusu ajikune, mwogesheni kwa maji mengi.

Nendeni na filimbi, na mhesabu watoto mnapotoka, mnapofika, kabla ya kuondoka na mnaporudi.

MwalimuWaMilimani anaandika:

Nawashukuruni wote, na Mungu awazidishie. Jana jioni nilimwona mwenyekiti wa kijiji, naye ameniomba barua na kuniambia kwamba upande wa juu wa msitu, penye mawe matatu, ni mahali pa wazee. Kumbe tumekuwa tukipita karibu sana bila kujua. Jumatano hii tutakwenda saa nne kwa njia nyingine. Mama wa yule mtoto aliyelowa amekubali kuja nasi, ingawa amesema wazi kwamba anakuja kunichunguza.

Bibi, nina swali moja la mwisho: ule mshai wenu mliuchagua ninyi walimu, au mliwaachia watoto?

BibiMwalimu anajibu:

Sisi tulichagua mvule uliokuwa karibu na njia, kwa sababu chini yake palikuwa pasafi na tuliweza kuwaona watoto wote. Kwa wiki tatu tulikaa hapo, na kwa wiki tatu wao walikuwa wakikimbilia mshai wenye mzizi uliopinda ambao watoto wawili wanaweza kukaa kama wako kwenye farasi. Wiki ya nne tulikagua pale kwenye mshai, tukaona pako salama, tukahamia. Waache huyo mama na watoto watangulie, wewe kaa nyuma utazame wanasimama wapi, kisha uniambie.